Utabiri wa mvua ni wa nani? Uzi kuhusu siasa ya hali ya hewa, kuanzia Malindi

UZI. Ni mrefu, tafuta chai kwanza.

Kuna mjadala haukosi maskani na kwenye redio zetu za Pwani, kampeni ziwepo zisiwepo. Mmoja atasema, "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo, na utabiri wenyewe wanaletewa na Wazungu." Mwingine atajibu, "Serikali iliambiwa mapema, ikapuuza." Wanapandishiana sauti, na hakuna anayeuliza utabiri huo watoka wapi, nani anaulipia na tangu lini.

Mimi nasoma sayansi ya siasa. Fizikia ya mawingu waachieni wenyewe, hapa nashughulika na historia na siasa yake. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka kutaja huko kwenye majibu, ni juu yako.

Tuanze mbali kidogo, lakini hapa hapa Malindi.

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi akiwa ameshakosana na Mombasa. Kitu kikubwa alichohitaji kwetu kilikuwa mtu anayejua njia na upepo. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na tarehe 24 Aprili, majira ya kusi yakianza, waking'oa nanga. Kufikia 20 Mei walikuwa India. Siku ishirini na kitu tu. Shuleni wengi wetu tuliambiwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, ila jina lake si hoja yangu.

Hoja ni safari ya kurudi. Wareno waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, hawakungoja kaskazi lishike. Wakazunguka baharini miezi mitatu, wakaiona pwani ya Somalia Januari 1499. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi mno, hadi ikabidi meli moja, São Rafael, ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha. Ile ile bahari, watu wale wale. Kwenda walikuwa na habari, kurudi hawakuwa nayo au hawakuitaka.

Na habari yenyewe haikuwa mali ya Malindi peke yake. Waswahili, Waarabu, Wagujarati na Waajemi waliijenga pamoja kwa karne nyingi. Hata kalenda ya wazee wetu ya jua, ile ya Nairuzi inayogawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, ili ujue lini utweke tanga na lini upande, jina lake ni la Kiajemi. Kwa hivyo mtu akikwambia kupokea habari za hali ya hewa kutoka nje ni utumwa mamboleo, muulize kwanza "kusi" na "kaskazi" babu zake walikuwa wakizijua kwa faida ya nani kama si kwa kufanya biashara na watu wa nje.

Haya, sasa twende kwenye sehemu ambayo huyo mlalamishi ana haki ya kulalamika.

Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1875. Baada ya njaa mbaya ya 1899 na 1900 kule, walitaka sana kujua mapema kama mvua ya monsuni itakuja au itakosa. Gilbert Walker, mwanahisabati, akachukua idara hiyo mwaka 1904 na kuanza kukusanya takwimu kutoka pembe zote za dunia, kanieneo ya hewa ya Amerika Kusini, mvua ya Java, na mvua ya Zanzibar. Ndiyo, Zanzibar. Mvua iliyopimwa hapo kisiwani iliingia kwenye hesabu za kukadiria kama mkulima wa India atavuna. Wakati huo huo, mkulima wa Magarini au wa Unguja kwenyewe hakuwa na idara yoyote ya kumtabiria chochote. Takwimu zilitoka kwetu, faida ikaenda kwingine.

Hii ndiyo sehemu ya historia inayofanya watu wawe na kinyongo hata kama hawaijui. Kinyongo kina sababu.

Idara yetu ya kwanza ilikuja 1929, Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, makao makuu Nairobi, mkuu wake Albert Walter aliyetolewa Mauritius. Ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Msidhani ilianzishwa kwa ajili ya bibi yako wa Ganze na shamba lake la mahindi. Ndege zilikuwa zinakuja (Imperial Airways ilianza safari za Afrika Mashariki 1931) na walowezi walikuwa na mashamba yao bara. Rubani wa ndege na mlowezi ndio walikuwa wateja.

Lakini angalieni jambo hili. Uhuru ulipokuja, nchi tatu hazikuigawa idara hiyo. Ziliendelea nayo pamoja, na kuanzia 1967 ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama reli, bandari na shirika la ndege. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hayasimami Lungalunga kugongwa muhuri wa pasipoti, kwa hivyo kuwa na idara moja kulikuwa na mantiki.

Kisha 1977 Jumuiya ikavunjika. Tunapozungumzia 1977 tunazungumzia ndege na mabehewa ya treni nani alichukua. Hali ya hewa nayo iligawanywa. Kila nchi ikaanza idara yake, Kenya ikiwa mojawapo. Wakubwa waligombana, na mtandao wa kupima mvua uliojengwa kwa karibu miaka hamsini ukakatwa vipande. Mimi naona hiki ni kisa kinachopaswa kufundishwa kila tunapoambiwa kwamba ushirikiano wa kanda ni mambo ya mikutano na posho tu. Posho zipo, sikatai. Lakini ukosefu wake nao una bei.

Miaka ya themanini ikaonyesha bei hiyo. Ukame wa 1984, njaa ya Ethiopia, kila mtu anakumbuka picha. Mwaka 1989 nchi 24 za mashariki na kusini mwa Afrika, zikisaidiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, zilianzisha vituo viwili vya kufuatilia ukame, kimoja Nairobi, kingine Harare. Kile cha Nairobi kilichukuliwa na IGAD mwaka 2003, kikapewa jina tunalolisikia leo, ICPAC. Sasa hivi kinahudumia nchi 11, kuanzia Sudan na Eritrea hadi Burundi na Tanzania, na makao yake yako upande wa Ngong. Kwa hivyo ule utabiri "wanaoletewa na Wazungu" kwa kiasi kikubwa unatengenezwa Kajiado, na Waafrika. Usinielewe vibaya, pesa nyingi za wafadhili zimo. Nitafika huko.

El Niño ya 1997 ndiyo iliyobadilisha mambo. Wenye umri wanakumbuka, mimi nimesimuliwa tu. Habari kwamba bahari ya Pasifiki imechemka zilikuwa zinazunguka duniani tangu katikati ya mwaka. Hapa Kenya mvua ilibomoa barabara na madaraja, ikaleta homa ya Bonde la Ufa kule Garissa, na hata uchaguzi mkuu wa Desemba 29 ukaingiliwa, upigaji kura ukaongezwa siku moja, mvua ikiwa mojawapo ya sababu. Miezi michache baadaye, Februari 1998, wataalamu wa nchi za kanda walikutana Nairobi wakaanzisha jukwaa la pamoja la kutabiri misimu, linaloitwa GHACOF. Tangu hapo linakutana mara tatu kwa mwaka, kabla ya masika, kabla ya msimu wa Juni hadi Septemba, na kabla ya vuli. Wanakaa, wanalinganisha modeli za Ulaya, Marekani, Japani na za kwao wenyewe, wanabishana, wanatoka na ramani moja.

Kwa nini Japani? Kwa sababu mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza jambo linalotuhusu sisi wa Pwani kuliko hata El Niño. Bahari ya Hindi yenyewe hubembea. Kuna miaka maji ya upande wetu hupata joto na ya upande wa Sumatra hupoa. Mwaka huo vuli yetu hufurika. Ilitokea 1961, ile mvua ambayo wazee wanaihusisha na kuja kwa uhuru. Ikatokea 1997, 2019 na 2023. Maana yake ni kwamba ili kujua kama Sabaki itajaa Novemba, lazima mtu awe amepima joto la maji karibu na Indonesia mwezi wa Agosti. Hakuna gavana wala waziri, hata awe hodari vipi, mwenye bajeti ya kwenda kupima maji ya Sumatra.

Wapimaji hao wanafanya hivyo kwa mapatano. WMO ilianza 1950, na mwaka 1995 nchi wanachama zilikubaliana takwimu za msingi zibadilishwe bure. Kituo cha hali ya hewa cha Malindi kina namba yake ya kimataifa, 63799, na kinachopimwa hapo kinasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa za Ulaya na kwingineko. Wao wanatumia yetu, sisi tunatumia yao. Picha za mawingu ya Afrika zinazopigwa kila dakika 15 ni za satelaiti za Ulaya, na nchi za Afrika zilipewa mitambo ya kuzipokea kupitia mradi ulioitwa PUMA kati ya 2001 na 2005.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa "waongo".

Ramani ya GHACOF haisemi "mvua itanyesha" au "haitanyesha". Inagawa miaka yote iliyopita mafungu matatu, ya mvua nyingi, ya kawaida, na ya mvua chache. Bila kujua chochote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Wakikwambia mvua nyingi ina nafasi ya asilimia 55, wamekwambia jambo kubwa, lakini pia wamekwambia kuna asilimia 45 ya kitu kingine. Mwanasiasa hapendi namba kama hizo. Yeye anataka ndiyo au hapana, kwa sababu jukwaani huwezi kupigiwa makofi kwa kusema asilimia 55.

Mwaka 2015 El Niño kubwa ilitabiriwa. Serikali kuu na kaunti zikatenga pesa za kujiandaa. Mvua ikaja, lakini haikufika ukali wa 1997, na maswali kuhusu pesa zile yakaanza. Tangu hapo ukitaja El Niño mtaani watu wanacheka, wanasikia "ulaji". Nawaelewa. Ila mhasibu akila pesa, kosa si la kipimamvua.

Mwaka 2023 ikawa kinyume. Agosti, ICPAC ilitoa ramani inayoonyesha vuli yenye mvua nyingi. Idara yetu ya Utabiri wa Hali ya Hewa nayo ikaonya. Oktoba, wakuu wa nchi wakasema hadharani kwamba El Niño haitakuwepo, mvua haitafika kiwango cha kuharibu. Novemba ikafika. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini. Sisi wa Kilifi tulikatwa katikati, daraja la Mbogolo likamezwa na maji na barabara ya Malindi kwenda Mombasa ikafungwa. Nani alidanganya hapo? Sitaki jibu la chama. Wekeni tarehe mezani muone nani alisema nini, siku gani.

Halafu kuna Agosti 2022, ambayo inaniuma zaidi kwa sababu hakuna anayeizungumzia. Misimu minne ilikuwa imeshakosa mvua. Ganze na Bamba watu walikuwa wanatembea masafa kutafuta maji, ng'ombe wanaanguka. Mwisho wa mwezi huo ICPAC ikatangaza kwamba vuli nayo huenda ikakosa, wa tano mfululizo. Nchi nzima ilikuwa wapi? Tulikuwa tumetoka kupiga kura tarehe 9, tunangoja Mahakama ya Juu. Televisheni zote ziko mahakamani. Utabiri ukatimia, vuli ikakosa. Onyo lilifika kwa wakati, likatukuta tumeshughulika.

Nani mwingine anatuonya? Ukweli ni kwamba wengi. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifuatiliwa na kituo cha Ufaransa kilicho kisiwa cha Réunion, ambacho ndicho WMO imekipa jukumu la vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kutoka hapo onyo likaenda Dar es Salaam na Nairobi. Kimbunga kikapiga Mafia tarehe 4 Mei. Huku kwetu Idara ilionya kuhusu upepo na mawimbi, na ami yangu, mvuvi wa Ngomeni, alipata habari hizo kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la BMU yao, mtu akiwa amelieleza tangazo kwa Kigiriama. Akavuta mashua yake juu. Nimejaribu kuhesabu ujumbe huo ulipita mikono mingapi, satelaiti, Réunion, Nairobi, ofisi ya kaunti, mwenyekiti wa BMU. Kipande cha mwisho ni cha bando la shilingi ishirini. Na ndicho ambacho hakina bajeti.

Mwaka 2004 mnyororo kama huo haukuwepo kwa tsunami. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba lilitokea alfajiri kwa saa zetu, mawimbi yakafika mchana. Kenya ilibahatika, watu waliona habari kwenye televisheni, fukwe zikafungwa, akafa mtu mmoja. Somalia, isiyokuwa na serikali ya kumwonya mtu, ilipoteza watu karibu 300. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ulianza kujengwa mwaka uliofuata, ukisimamiwa na UNESCO.

Najua mtaniuliza, na San Marco je? Nilikuwa naingoja.

Yale majukwaa ya chuma mnayoyaona baharini Ngomeni ni ya Waitaliano. Satelaiti ya kwanza kurushwa hapo ni Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa iliyoitwa Uhuru, ya kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Zile zilizoitwa San Marco zilipima uzito wa hewa ya juu kabisa ya anga. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988, ila kituo cha mawasiliano na satelaiti bado kinafanya kazi. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini Trento, Oktoba 2016.

Hapa ndipo msimamo wangu unapotofautiana na wanaosema "wafukuzwe". Kuwafukuza kutatupa nini? Antena bila mafundi. Swali langu kwa kila anayekuja Ngomeni kuomba kura ni dogo zaidi. Takwimu zinazoshuka kutoka angani pale, zipi zinafika ofisi ya hali ya hewa ya kaunti ya Kilifi, kwa lugha gani, na vijana wangapi wa Ngomeni wamesomeshwa kuzisoma? Zaidi ya miaka hamsini ya roketi, na mvuvi aliye chini ya antena anategemea ujumbe wa WhatsApp.

Na pesa, niliahidi. Mfadhili akikohoa sisi tunapata homa. FEWS NET, mfumo wa Marekani wa tahadhari ya njaa ulioanza 1985 baada ya ile njaa ya Ethiopia, ulikuwa unasomwa na kila shirika linalogawa chakula kanda hii. Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, tovuti ikazimwa. Miaka 40 ya kumbukumbu, siku moja ikawa haifunguki. Baadaye ikarudi, lakini somo tulilipata. Sasa anayesema tusitegemee watu wa nje ana hoja, mradi aeleze ni nani wa ndani atakayelipa. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulianzisha mfuko unaoitwa SOFF wa kusaidia nchi maskini kupima hali ya hewa yao, kwa sababu Afrika ina vituo vichache mno kwa ukubwa wake na modeli za dunia nzima zinakosea kwa ajili hiyo. Kipimamvua kilichoharibika Magarini kinamhusu hata mtu wa Ulaya. Hiyo ndiyo nguvu yetu mezani, na sioni wanasiasa wetu wakiitumia.

Naongeza jambo moja kwa wale wanaodharau maarifa ya wazee. Kule Vihiga, ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa kutabiri mvua kwa kutazama miti na wadudu, walikalishwa na Idara na ICPAC wakalinganisha utabiri wao na wa modeli, kisha ujumbe mmoja ukatolewa kwa redio. Watu waliuamini kwa sababu waliotangaza ni wao. Huku kwetu tuna wazee wa kaya na manahodha wanaosoma matlai. Sijaona sababu ya kutofanyika Kilifi.

Mwisho, tarehe za kuweka kwenye simu. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema. Sisi tunapiga kura Agosti 2027. Kikao cha kutabiri vuli huwa mwezi huo huo, kwa kawaida wiki za mwisho. Tutakuwa tena tunangoja matokeo, labda tunangoja mahakama. Ofisi ya hali ya hewa ya kaunti itakuwa na ramani. Kama una redio ya mtaa, kama uko kwenye BMU au kikundi cha wakulima, omba nakala yake wiki hiyo, uitafsiri, uisambaze. Mimi nitaiweka hapa hapa.